Vichwa sita kwenye daraja moja, na mmoja wao ni msaliti

kalamu_butu

Wakuu, mnivumilie, swali ni refu kidogo.

Nina muswada wa riwaya ya kijeshi, nimeufikisha sura ya 14. Kikosi cha watu sita kinavuka mpaka usiku kwenda kumtoa mateka, mhandisi aliyefungiwa kwenye kiwanda kilichoachwa. Wakifika darajani wanakuta wanasubiriwa. Kuna aliyetoa siri. Nimepanga msomaji amjue sura ya 22, si kabla.

Kinachonisumbua ni msimulizi. Nilianza kwa nafsi ya tatu, nikijiambia nitaingia kichwani mwa kila mmoja ili msomaji awapende wote sita kabla sijaanza kuwaua. Nikiandika nilijiona fundi kwelikweli. Juzi nikampa mtu asome sura ya darajani. Karatasi zimerudi na neno moja pembeni: "Nani?" Ameliandika mara 17. Nimehesabu.

Kipande chenyewe hiki hapa:

"Luteni Sefu aliinua mkono, kikosi kikasimama. Alihisi jambo haliko sawa. Koplo Mosi alimtazama, akaona ameanza kuogopa. Hakujua kwamba nyuma yake Badi, mtu wa redio, alikuwa akitetemeka kwa sababu alijua kitakachotokea. Mdunguaji aliyekuwa juu ya tangi la maji alimwona akigeuka, akavuta pumzi, akafyatua. Mlio ulipasua usiku. Sefu aligeukia ulikotoka mlio na kumwona Mosi akianguka."

Badi ndiye msaliti. Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe, maana nimeshaingia kichwani mwake mara tano tangu kitabu kianze, na kila mara nimemfanya awaze mambo mengine: mama yake, viatu vinavyombana, mvua. Kila kitu isipokuwa hilo moja linalomnyima usingizi. Ile "alijua kitakachotokea" nimeteleza, nitaifuta. Lakini hata nikiifuta bado najisikia kama tapeli.

Je, nihamie nafsi ya kwanza, Sefu asimulie kila kitu? Au nibaki na hivi vichwa sita nivipange vizuri? Na Badi nimfanyeje?

mbeba_redio

Ndugu, mimi si mwandishi. Nilibeba redio mgongoni miaka 11, na siku hizi nasoma riwaya za vita kama watu wanavyotazama mpira, kwa kelele na kumlaumu mwamuzi. Kwa hiyo umemfanya mwenzangu kuwa msaliti, tutalizungumza.

Nianze na ule mlio, kwa sababu ndio ulionifanya nikae sawa kitini. Tuseme tangi la maji liko mita 600 kutoka darajani. Risasi ya bunduki ya namna hiyo inatoka mtutuni kwa kasi ya mita 800 na zaidi kwa sekunde. Sauti inasafiri kama mita 340. Maana yake Mosi ameshapigwa, ameshaanza kwenda chini, na mlio wa bunduki bado uko njiani. Walio karibu naye wanasikia kwanza mpasuko mkali kama wa mjeledi, *pa!*, ambao ni wa risasi yenyewe inapopita mbio kuliko sauti. Halafu kitambo kidogo, kwa mbali, *du*. Huo wa pili ndio wa mtutu. Tulifundishwa kukisia umbali wa adui kwa kile kitambo kilicho kati ya *pa* na *du*. Na ule wa kwanza ni mwongo: unausikia kana kwamba umetokea pembeni yako, siyo kule risasi ilikotoka. Sefu wako akigeukia mlio, atageukia pasipo na mtu.

Sasa rudi kwenye sentensi yako. "Mlio ulipasua usiku." Usiku wa nani? Kwa mdunguaji ni kishindo kimoja na bega kusukumwa. Kwa Sefu ni Mosi anayekaa chini ghafla, kisha *pa*, kisha *du*. Kwa Mosi mwenyewe huenda hakuna mlio kabisa. Umeandika mlio ambao hakuna aliyeusikia, ndiyo maana hautishi. Unauliza habari za Badi, lakini ugonjwa wa msimulizi wako umeanzia sikioni.

Macho nayo vilevile. Kama ni operesheni ya usiku, nadhani umewavalisha miwani ya kuonea gizani. Ile ya kawaida inakupa upana wa nyuzi 40 hivi, wakati macho matupu yanashika karibu nyuzi 200. Ni kama kutembea ukichungulia kwenye bomba. Kila kitu kijani, na umbali unakuchanganya, unanyanyua mguu juu kuvuka jiwe kumbe ni kivuli. Ukitaka kumwona mwenzako wa kushoto, sharti ugeuze kichwa kizima. Kwa hali hiyo Mosi hawezi kuuona woga wa luteni usoni. Anachoona ni mkono umeinuliwa, na umekaa juu muda mrefu kuliko kawaida. Basi andika mkono. Msomaji ataupata woga mwenyewe, tena huenda akakosea, nawe utafaidi kosa lake baadaye.

Tuje kwa Badi, na hapa nina ugomvi na wewe. Ukiniingiza kichwani mwa mtu umenipa funguo za nyumba. Huwezi kunitembeza sebuleni, jikoni, chumbani, ukanionyesha hadi viatu vinavyobana, halafu sura ya 22 uniambie kulikuwa na maiti mezani siku zote. Mezani! Nilipita hapo mara tano.

Kwa hiyo ama umtoe, ama umfanye asijue.

Kumtoa maana yake Badi asipate hata ukurasa mmoja wa kwake. Tumwone kupitia mtu anayempenda. Sefu hafai sana, maana kiongozi amezoea kuwatilia shaka watu wake. Mosi anafaa. Mosi amwone Badi anabadilisha betri ya redio mara mbili usiku mmoja, na badala ya kushtuka amwonee huruma. Wewe na mimi tunajua kwamba redio inayobadilishwa betri ni redio iliyozimwa. Kwa dakika hiyo moja kambini wakipiga kelele kwamba kuna watu darajani, hakuna anayewasikia. Mosi hajalifikiria hilo. Halafu unamuua. Kile alichokiona Mosi hakuna tena mhusika anayekijua, kimebaki kwa msomaji peke yake, na msomaji mwenyewe hajui kama amebeba kitu.

Kumfanya asijue ni hadithi nyingine. Redio ukibonyeza kitufe uongee, ni kama umewasha taa. Adui mwenye vituo viwili vya kusikiliza, vilivyo mbalimbali, kila kimoja kinachora mstari kwenye ramani kuelekea inakotoka sauti yako. Mistari inapokatana, ndipo ulipo. Hata simu ya mkononi iliyo mfukoni, hujampigia mtu, bado mara kwa mara inazungumza na minara. Sasa Badi awe ameficha simu kwa sababu nyumbani kuna mtoto mgonjwa. Anajua amevunja amri, roho inamsuta, na unaweza kuingia kichwani mwake kila sura bila kumficha msomaji lolote, kwa sababu kosa analolijutia ni dogo, na lile kubwa yeye mwenyewe halijui.

Halafu jambo dogo. Kama unaweka saa juu ya kila sehemu, chagua saa za nani. Kwenye redio ni "sifuri tatu arobaini". Kichwani mwa mtu ni saa tisa na dakika arobaini usiku. Sijawahi kuona askari mwenye kiu akiwaza "sifuri tatu".

jicho_la_pembeni

Shikamoo afande. Hayo ya *pa* na *du* nimeyapenda, nitayaiba. Lakini swali la vichwa sita umelipita pembeni.

Kaka kalamu, mimi kazi yangu ni kuhariri miswada, mingi ya mapenzi, na ugonjwa wako naukuta hata huko kwenye mapenzi ambako watu ni wawili tu. Zile "Nani?" 17 nadhani najua zilipotoka. Soma tena: "Mdunguaji alimwona akigeuka, akavuta pumzi, akafyatua." Aliyegeuka ni Sefu, Mosi au Badi? Aliyevuta pumzi ni nani? Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke kwenye kitenzi, wala rafiki na adui. Wote ni *a-*. Una watu sita wenye silaha, mdunguaji juu ya tangi, na wote saba ni *a-*. Kinachomwokoa msomaji ni wewe kukaa kichwani mwa mmoja tu kwa tukio zima. Hapo *a-* isiyo na jina ni ya huyo mmoja, na wengine wote waitwe kwa jina au cheo kila wanapoingia. Fanya hilo kwanza, kabla hujagusa kitu kingine, kisha mrudishie yule msomaji wako. Naamini utabaki na "Nani?" tatu.

Vitenzi vya mwendo pia vinakuchongea. Ukiandika "makomando walikuja darajani", umekaa na adui anayewasubiri. Ukiandika "walikwenda darajani", umebaki kambini unawatazama migongo. "Walifika" unaweza kuwa nao njiani. Neno limeshachagua msimulizi wewe ukiwa bado unajiuliza. Na *huyu*, *huyo*, *yule* hivyohivyo. Mdunguaji lazima aseme "yule wa mbele", kwake hao ni vijidudu kwenye lenzi. Sefu akiwa hatua mbili kutoka kwa Mosi hawezi kumwita "yule", mpaka pale atakapolazimika kumwacha. Hapo *yule* moja tu, nawe usieleze huzuni.

Nafsi ya kwanza nisingekushauri. Umesema kuna mateka. Sefu akisimulia kwa "mimi", hawezi kutuonyesha chumba cha yule mhandisi ambacho hajakiingia, wala tangi la maji ambalo hajapanda. Utaishia kumwandikia Sefu sentensi za "baadaye niliambiwa kwamba...", na kila moja inapunguza joto. Tena anayesema "nilivuka daraja" amevuka. Hatari yote inabidi ihamie kwa walio pembeni yake, au kwenye mguu wake, au kwenye jina lake.

Kuna walioliruka hilo. Erich Maria Remarque, kwenye riwaya yake ya Vita vya Kwanza vya Dunia iliyotoka kama kitabu mwaka 1929, amemwacha askari wake kijana asimulie kwa "mimi" karibu kitabu kizima. Mwishoni kabisa inaingia sauti nyingine, mistari michache tu, kusema aliuawa Oktoba 1918, siku iliyokuwa tulivu kiasi kwamba taarifa ya jeshi haikuona cha kueleza. Pale inakaa kwa sababu kitabu chote kinaelekea huko. Ukiifanya sura ya 14 ili kushtua watu, itaonekana umechezea karata.

Kwa hiyo mimi ningebaki na vitatu: Sefu, Mosi, mdunguaji. Kila tukio kichwa kimoja, ukibadilisha acha nafasi kwenye ukurasa. Mdunguaji mpe kurasa mbili tu, sura ya 13, awaone wakitokea msituni mmoja mmoja na awahesabu. Awahesabu watano. Wa sita alipo, tuje kujua baadaye.

msomaji_tu

Mimi nawapinga wote, samahani.

Niambieni Badi ni msaliti ukurasa wa 10. Ndiyo, wa 10. Mnanificha mpaka sura ya 22 ili nishtuke, na nikishtuka inachukua muda gani? Ukurasa mmoja. Lakini nikijua mapema, kila Sefu anapompa Badi ramani ashike natamani kuingia kitabuni nimzuie. Wakigawana maji naogopa. Badi akimfunga mtu jeraha naogopa zaidi, kwa sababu sielewi kwa nini anamfunga. Na hapo kichwani mwake ingia utakavyo, huna tena cha kuficha. Hayo ya nani kasaliti waachieni wapelelezi.

kalamu_butu

Ahsanteni sana. Afande, shikamoo, na samahani kwa kumchafua mwenzako.

msomaji_tu, umeniweka macho usiku kucha. Nilijaribu, nikaandika kurasa nne Badi akijulikana. Zilikuwa nzuri, ila kikawa kitabu cha Badi, Sefu akabaki kama mtu wa kubeba ramani. Labda kitabu kijacho. Ile ya simu na mtoto mgonjwa nimeiacha kwa sababu nataka Badi awe ameuza kwa kujua, na bei aliyouzia iwe ndogo mno.

Nimebaki na vitatu alivyosema dada jicho. Badi nimemtoa kabisa, zile kurasa tano nimezifuta, roho ikiniuma kwa ajili ya viatu. Darajani sasa pako hivi:

"Mkono wa luteni ulikuwa juu. Mosi alisimama, akavuta pumzi tatu, na mkono bado uko juu. Mazoezini haukuwahi kukaa hivyo. Akageuza kichwa kizima kumtafuta Badi nyuma yake. Badi alikuwa amechuchumaa, redio kaipakata, anabadilisha betri tena. Maskini, baridi hii inamaliza betri kuliko inavyomaliza watu. Mosi alikuwa na mbili za akiba kwenye begi. Atampa wakishavuka.

[nafasi]

Koplo Mosi alikaa chini. Sefu alidhani kijana ameielewa vibaya ishara. Kisha *pa*, karibu na sikio la kulia, na kwa mbali, kama mlango wa nyumba nyingine, *du*. Alikuwa ameshaanza kukisia umbali kabla hajaelewa ni umbali wa nini."

jicho_la_pembeni

"Sefu alidhani kijana ameielewa vibaya ishara." Usiiguse hiyo hata wakikulipa.

"Maskini" iache bila "aliwaza Mosi". Tumeshakaa kichwani mwake, hatuhitaji kubisha hodi.

mbeba_redio

Marahaba, wote wawili. Kipande kimesimama. Mlango wa nyumba nyingine, ndivyo kabisa.

Ila kuna kitu hakikai, na ni kazi yangu ya zamani kwa hiyo siwezi kunyamaza. Mtu wa redio hatembei nyuma ya koplo. Anatembea karibu na luteni, hatua chache tu, kwa sababu luteni ndiye anayeongea na kambi. Nilikaa na mgongo wa afisa mmoja mbele yangu miaka mingi mpaka nikajua akikohoa anataka nini. Badi akiwa mahali pake, Sefu angeiona hiyo betri kwa jicho lake mwenyewe, na kitabu chako kinaishia darajani. Naelewa kwa nini umemsogeza nyuma. Lakini mtu yeyote aliyewahi kupiga doria ataandika "Kwa nini?" pembeni ya ukurasa.

kalamu_butu

Afande, hutaamini. Nimerudi sura ya 9, wanapangana usiku wa kuondoka. Kuna mstari mmoja niliuandika miezi sita iliyopita bila kufikiri, kwa ajili ya kujaza mazungumzo tu: Badi anaomba akae nyuma kwa sababu goti linamsumbua, na Sefu anakubali huku anatafuta dira yake. Nilikuwa nimeuwekea alama ya kuufuta.

mbeba_redio

Usiufute. Tukio hilo liko kichwani mwa nani?

kalamu_butu

Sefu.

mbeba_redio

Mpe Mosi.